GEORGE LANSBURY: DIWANI ALIYEFUNGWA KWA AJILI YA JIRANI ZAKE

Mtu akitajwa kuwa aliwahi kufungwa, fikira zetu huelekea kwa mwizi au mvunja amani. Leo twawaletea maisha ya mzee aliyetiwa gerezani akiwa diwani, ilhali hakuiba hata peni moja ya watu waliomchagua.

George Lansbury alizaliwa mwaka 1859 katika jimbo la Suffolk, Uingereza, akakulia katika mitaa ya mashariki ya London. Mwaka 1884 alihamia Australia na mkewe Bessie kutafuta riziki, lakini maisha yakawa magumu kupita walivyoahidiwa, wakarejea mwaka uliofuata. Alifanya kazi katika kiwanda cha mbao cha baba mkwe wake, akaishi Poplar miongoni mwa vibarua wa bandari ambao leo hupata kazi na kesho hukosa.

Mwaka 1893 alichaguliwa kuwa mmoja wa wasimamizi wa misaada ya maskini. Aliwakuta wazee na yatima wakilishwa chakula kibovu, naye hakunyamaza mpaka chakula na mavazi yao vikarekebishwa. Mwaka 1903 aliingia katika baraza la mji wa Poplar, na mwaka 1919, chama chake cha Labour kilipopata viti 39 kati ya 42, akawa meya. Baraza hilo liliamua kwamba mfanyakazi wake yeyote, mwanamume au mwanamke, asilipwe chini ya pauni 4 kwa juma.

Ndipo shida ikaja. Kila mtaa wa London ulipaswa kuwatunza maskini wake kwa kodi yake wenyewe, na juu ya hayo kuchangia halmashauri kuu ya London, polisi, maji na hospitali. Kodi ya peni moja katika kila pauni ya thamani ya majengo iliingiza zaidi ya pauni 31,000 katika Westminster ya matajiri, bali Poplar ilipata kama pauni 3,600 tu. Hivyo penye njaa nyingi ndipo palipolemewa zaidi. Mwaka 1921 madiwani wa Poplar walikataa kutoza michango hiyo ya nje, ili kwanza wasio na kazi wapate chakula.

Mahakama Kuu iliwaita. Tarehe 29 Julai walikwenda kwa miguu, siwa ya mji ikiwatangulia na wananchi wakiwafuata. Mwezi wa Septemba madiwani 30 walikamatwa, nao walikwenda pasipo kupigana. Wanaume walipelekwa gereza la Brixton na wanawake watano Holloway. Jioni, Lansbury alihutubia umati kutoka dirisha la chumba chake cha gereza. Hata vikao vya baraza viliendelea humo humo, wanawake wakiletwa kwa gari.

Si wote waliomuunga mkono. Herbert Morrison, meya wa Hackney na mwenzake katika chama, aliona kuwa kiongozi hana ruhusa ya kuikiuka sheria. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana sheria ikichezewa na wakubwa, wadogo watashika nini? Lakini Lansbury hakuikimbia adhabu wala hakuwachochea watu kufanya fujo. Baada ya majuma sita waliachiliwa, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kugawanya mzigo wa maskini kwa London nzima. Furaha hiyo ilichanganyika na msiba: Minnie, mke wa mwanawe, aliyefungwa pamoja nao, alifariki mwanzoni mwa 1922 akiwa na umri wa miaka 32.

Baadaye Lansbury alikuwa waziri, kisha kiongozi wa chama chake tangu 1932 hadi 1935. Alijiuzulu kwa kuwa alipinga vita vya kila namna, jambo ambalo askari wengi hawatakubaliana naye. Alifariki mwaka 1940.

Ndugu askari na polisi, nanyi hukaa katika mitaa yenye madiwani. Diwani wa kweli hutambulikana siku ya dhiki: haombi jirani zake wabebe mzigo ambao yeye mwenyewe ameukimbia.