Sultan Khan, Bingwa wa Sataranji Kutoka Punjab

Katika historia ya sataranji ni wachache waliopanda haraka na kusahauliwa upesi kama marehemu Mir Sultan Khan. Muislamu huyu alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 huko Mitha Tiwana, Punjab, sehemu ambayo sasa imo nchini Pakistan. Babake alimfundisha mchezo huo tangu utotoni.

Lakini sataranji aliyoijua ilikuwa ya Kihindi. Askari wake hawaruhusiwi kwenda hatua mbili mara ya kwanza kama ilivyo Ulaya. Huenda moja moja, na vita huanza polepole.

Mwaka wa 1928 Sultan Khan alitwaa ubingwa wa India nzima. Mwaka uliofuata tajiri wake, Sir Umar Hayat Khan, alimchukua London. Huko wapinzani wake walikuwa wamehifadhi ufunguzi wa kila aina kutoka vitabuni, naye hakuwa na elimu hiyo. Mara nyingi alitoka katika hatua za mwanzo akiwa amebanwa, kisha akajikomboa kwa subira na akili. Hivyo ndivyo alivyokuwa bingwa wa Uingereza mwaka wa 1929, na tena mwaka wa 1932 na 1933.

Ushindi wake mashuhuri aliupata Hastings, katika mashindano ya 1930-31, dhidi ya José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia tangu 1921 hadi 1927. Sultan Khan alishika kete nyeupe. Katika hatua ya tano alimsogeza askari wa pembeni nafasi moja tu, hatua ndogo kama za mchezo wa kwao. Miaka mingi baadaye mabingwa Petrosian na Kasparov walikuja kuutumia ufunguzi wa namna hiyo. Alimbana Capablanca kidogo kidogo, hata katika hatua ya 65 akasalimu amri.

Mwisho wa 1933 tajiri wake alirejea India, naye hakuwa na budi kufuatana naye. Safari yake katika mashindano makubwa ikaishia hapo. Alirudia kilimo, akafariki Sargodha mwaka wa 1966.

Mwaka wa 2024 ndipo Shirikisho la Sataranji la Dunia lilipompa heshima ya ubingwa mkuu. Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alicheza ugenini, na tuzo ikamkuta kaburini. Mwenyezi Mungu amrehemu.