Daktari Aliyefuata Kuvu za Majini

Wale waliopita katika maabara ya baiolojia ya shule yetu watakumbuka ule utando mweupe kama pamba unaomzunguka nzi aliyefia majini. Wengi wetu tuliumwaga, tukaosha chupa. Edwin John Butler alikuwa mtu wa kuuweka chini ya hadubini.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1874 huko Kilkee, Ireland, akasomea udaktari mjini Cork na kufuzu mwaka 1898. Lakini chuoni alikuwapo Profesa Marcus Hartog, mchunguzi wa kuvu za majini, na kijana akanasa. Tiba akaiweka kando. Mwaka 1901 alikwenda India kuwa mtaalamu wa serikali, na tangu mwaka 1905 alifanya kazi Pusa, Bihar.

Kuvu hizi hazina ua wala jani la kuzitambulisha. Mtu hukaa akitazama spora zina mikia mingapi, zinatokea wapi, yai linakaaje. Ukikosea mkia mmoja, umempa kiumbe ukoo usio wake. Mwaka 1907 Butler alichapisha maelezo marefu juu ya jenasi ya Pythium, inayoozesha miche kitaluni. Humo aliingiza spishi mpya, palmivorum, iliyokuwa ikiua mivumo na minazi katika delta ya mto Godavari. Mwaka 1919 yeye mwenyewe aliihamishia katika jenasi ya Phytophthora. Wako mabingwa wanaoona haya kugusa walichokwisha kukichapa, yeye hakuona. Jina hilo la pili ndilo linalotumika hadi leo, na wanaolima kakao wanaijua kuvu hiyo kwa hasara.

Mwaka 1911 alitangaza jenasi mpya kabisa, Allomyces. Hunaswa kwa chambo: udongo kidogo, maji, na mbegu za bangi zilizochemshwa (vijana wa bwenini msicheke, ndivyo maabara zifanyavyo). Siri ya kuzaana kwake kwa jinsia ilifumbuliwa na Mjerumani Hans Kniep mwaka 1929.

Mwaka 1920 Butler alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa ofisi ya kuvu huko Kew, Uingereza, ambako vielelezo vilipelekwa kutoka makoloni mengi vipewe majina. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1939, akafariki mwaka 1943. Siku hizi Pythium na Phytophthora zimetolewa katika kuvu halisi na kuwekwa karibu na mwani wa kahawia. Allomyces imebaki.