Al-Khalil bin Ahmad, mtu aliyezihesabu herufi

Nilikuwa Salaita, katika njia ya Voi kwenda Taveta, karibu na kile kilima ambapo tarehe 12 Februari 1916 Wajerumani waliwarudisha nyuma askari wa Afrika Kusini. Nilikuwa nangoja gari. Kando yangu kijana mmoja ameinamia chemshabongo ya gazeti la Kiingereza: amepewa idadi ya herufi, ametajiwa mbili tatu ambazo sharti ziwemo, naye alitafute neno. Tulipozungumza akaniuliza kama sisi watu wa pwani, tuliosoma vyuoni, tumepata kuwa na elimu ya namna hii, au yote yametoka Uingereza. Gari likaja sijamaliza kumjibu. Naliandika jibu hapa, kwani wanaouliza hivyo ni wengi.

Elimu hiyo ilipata bwana wake zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita, naye ni Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi. Asili yake ni Oman, nchi ambayo sisi wa mwambao huu tumechanganya nayo damu na biashara. Alikuwa wa kabila la Azd, akazaliwa yapata mwaka 100 wa Hijra, yaani 718 Miladia. Alikulia Basra, akasoma kwa mabingwa wa lugha kama Abu Amr bin Al-Alaa, kisha akasomesha yeye. Mwanafunzi wake Sibawayh, Mwajemi, ndiye aliyeandika kitabu ambacho wanasarufi wa Kiarabu wanakirejea hata leo.

Kila mtoto aliyepita chuoni amekula matunda ya Al-Khalil, ijapokuwa jina lake hakulisikia. Kabla yake irabu zilionyeshwa kwa nukta za rangi, na msomaji aliweza kuzichanganya na nukta za herufi zenyewe. Yeye akaweka alama tuzijuazo: dhamma akaitoa katika wau ndogo, fat-ha katika alifu iliyolazwa, shadda katika kichwa cha shini. Nasi washairi tuna deni jingine kwake. Elimu ya aruzi, yaani mizani ya mashairi, ndiye aliyeipanga, akazigawa bahari za Kiarabu kumi na tano. Ya kumi na sita iliongezwa na Al-Akhfash. Husimuliwa kwamba fikira hiyo ilimjia alipopita kwa wafua shaba akasikiliza mapigo ya nyundo zao.

Lakini jambo linalohusu swali letu ni kamusi yake, Kitabu cha Ayn. Al-Khalil alitaka kuyakusanya maneno yote ya Waarabu, asiache hata moja. Angewezaje? Angeliwauliza mabedui neno baada ya neno, umri ungekwisha na kazi ingalipo. Basi akaanza na herufi. Akazipanga kwa mahali zitokapo, kutoka kooni hadi midomoni, akatanguliza ayni. Kisha akazigeuza. Herufi mbili zina sura mbili tu, tatu zina sura sita, nne zina ishirini na nne, tano zina mia moja na ishirini. Kila sura aliipima: je, Waarabu wanaitumia, au wameiacha?

Chukua kafu, lamu na be. Sura zake sita zote zina maana katika Kiarabu, na baadhi zimefika kwetu: humo mna kalbi ya washairi, mna kabla, kibla na kabila, na mna lakabu.

Sasa tazama wingi wake. Kwa herufi ishirini na nane, pasipo kurudia hata moja katika neno, maneno ya herufi mbili yawezekanayo ni 756, ya tatu 19,656, ya nne 491,400, na ya tano 11,793,600. Jumla ni 12,305,412, hesabu ambayo wanazuoni wa kale wameinasibisha na Al-Khalil mwenyewe. Katika bahari hiyo, yanayotamkwa na watu ni machache mno.

Jaribu kwa lugha yetu. Herufi a, i, l na m zina sura ishirini na nne. Mimi nimepata mali, mila, lima, lami na imla. Hizo nyingine zimekaa kimya.

Mtu huyu aliishi Basra katika kibanda cha matete, huku wengine wakijitajirisha kwa elimu yake. Liwali mmoja wa ukoo wa Muhallab alipomwita akamsomeshee watoto, inasimuliwa kuwa alimtolea mjumbe mkate mkavu, akamweleza kwamba maadamu anao huo hana haja na liwali. Kamusi yenyewe, kama wasemavyo wengi, ilikamilishwa na mwanafunzi wake Al-Layth. Alifariki mwaka 170 au 175 wa Hijra. Wapokezi husema aliingia msikitini akiwaza hesabu nyepesi, itakayomwezesha hata kijakazi kwenda dukani asipunjwe, akagonga nguzo kwa kughafilika, na hayo ndiyo yakawa mauti yake.

Ndugu msomaji, Al-Khalil hakuzigeuza herufi kwa kupitisha wakati. Alijua kwamba lugha isiyohesabiwa hupungua, na mwenyewe asitambue. Neno likikosa wa kulitamka huhama upande wa yatumikayo likaenda kwa yaliyoachwa, wala halibishi hodi likitoka. Maneno ya Kiamu na Kimvita tuliyoyasikia kwa mabibi zetu, ya samaki, ya vyombo, ya upishi na ya pepo za bahari, mangapi wajukuu wetu wanayajua? Haihitaji hesabu za mamilioni. Daftari moja na mzee mmoja vyatosha kuanza, maadamu mzee yu hai.

Mwenyezi Mungu amrehemu Al-Khalil, na atuamshe sisi.