Jerry Thomas, mchimba dhahabu aliyeweka kokteli mu kitabu

Wasomaji wetu, leo tunawaletea maisha ya mutu ambaye jina lake linajulikana na mabarmani wa inchi nyingi. Lakini kati yetu ni wachache wanaojua kama alipitia pia kazi inayofanana na yetu, ile ya kuchimba. Jina lake ni Jerry Thomas. Leo mutu akipima konyaki, sukari na ndimu ku nyumba yake na kuchanganya vizuri, anafuata njia ambayo huyu bwana aliweka mu maandishi zamani sana.

Alizaliwa mu mwaka wa 1830, kule Sackets Harbor, muji mudogo wa bandari kando ya ziwa Ontario, mu jimbo la New York, Marekani. Akiwa kijana alienda New Haven, mu Connecticut, na kule njo alifundishwa kazi ya baa. Wakati ule ile kazi haikuwa na kitabu. Mwanafunzi alisimama pembeni ya mukubwa wake, aliangalia mikono yake, na alishika yote mu kichwa. Kipimo kilikuwa jicho. Mukubwa akihama ao akikufa, ujuzi wake ulienda naye.

Mu mwaka wa 1848 dhahabu ilionekana mu California, na habari ilienea mbio. Mwaka uliofuata watu maelfu na maelfu waliacha mashamba na maduka yao, wakaenda kutafuta bahati. Thomas naye alipanda meli mu 1849, hata miaka ishirini hakuwa nayo. Kule alichimba dhahabu, alitumika mu baa ya San Francisco, tena alisimamia kikundi cha waimbaji wa kuchekesha watu. Sisi watu wa mine tunajua mambo ya pahali kama pale. Anayechimba anapata, lakini anayemuuzia kinywaji jioni naye anapata, na yeye jiwe halimuangukii. Thomas hakuzeeka mu shimo.

Mu 1851 alirudi New York na akafungua baa yake chini ya ile nyumba ya maajabu ya Barnum, ku barabara ya Broadway. Kisha akaanza kuhamahama: Saint Louis, Chicago, Charleston, New Orleans, tena San Francisco. Alifika mpaka Ulaya, akibeba vyombo vyake vya kazi vya feza safi. Alipenda kuvaa vizuri, na alijua kama mutu anayekuja ku baa anataka kunywa, lakini anataka pia kuona.

Kitu walichopenda sana kuona ni Blue Blazer. Thomas aliweka wiski na maji ya moto mu kikombe cha chuma chenye mukono, aliiwasha moto, kisha aliimwaga kutoka kikombe kimoja mupaka kingine, mara ine ao tano, moto wa bluu ukining'inia mu hewa kama kamba. Nyuma aliongeza sukari kidogo na ganda la ndimu. Alionya anayejifunza asijichome, na alishauri azoee kwanza kwa muda na maji ya baridi. Mutu yeyote aliyefundishwa kazi ya hatari anaelewa lile neno: mikono ifundishwe mbele moto haujakuja.

Lakini moto si ndio uliohifadhi jina lake. Mu mwaka wa 1862 alitoa kitabu chake, How to Mix Drinks. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha kazi ya baa kuchapishwa mu Marekani. Yale yaliyokuwa siri mu vichwa vya mabarmani, aliyaandika pamoja na vipimo. Kipimo chake kilikuwa glasi ndogo ya divai, karibu sentilita 6. Tangu siku ile, mutu mwenye glasi, kijiko na ndimu aliweza kufanya ku nyumba kile kilichofanyika ku hoteli kubwa.

Tena kitabu kinafundisha kulinganisha. Tuanze na toddy ya konyaki: kijiko kidogo cha sukari, nusu glasi ya maji, glasi moja ya konyaki, na kipande kidogo cha barafu. Unakoroga, imeisha. Ukitaka ya moto, unaacha barafu na unatia maji yanayochemka. Na sling? Thomas anasema sling ya gin ni toddy ya gin yenyewe, ila unakwangua muskade kidogo juu yake. Tofauti yote iko mu ile harufu!

Fix ya konyaki inaongeza uchungu wa ndimu: kijiko kikubwa cha sukari, robo ya ndimu, nusu glasi ya maji, glasi moja ya konyaki, na barafu iliyopondwa, kisha unapamba na matunda. Sour ni fix iliyovuliwa mapambo: unaacha matunda yote, unabakisha kipande cha ndimu tu, unakamulia maji yake ndani. Na ile iliyoitwa kokteli kweli kweli ilijulikana kwa matone mawili ya maji makali ya mizizi na maganda ya miti, pamoja na siro kidogo ya sukari. Pasipo yale matone machungu, wakati ule haikuitwa kokteli.

Basi anayetaka kujua tofauti ku nyumba, achukue pombe moja tu, afanye mbili ao tatu kati ya hizi, kidogo kidogo, akibadilisha kitu kimoja kila mara. Kijiko kimoja cha kuonja kinatosha. Anayemaliza glasi zote, mwisho hawezi tena kulinganisha kitu. Na Thomas hakusahau wasiokunywa pombe: mu kitabu kile kile mna limonadi, ambayo mama na watoto wanaweza kufanya mu nyumba yoyote.

Mu miaka ya nyuma ya kitabu, Thomas na ndugu yake George walifungua baa kubwa ku Broadway. Alijaza kuta na picha za kuchekesha za Thomas Nast, muchoraji mwenye sifa, na watu wakubwa wa muji walikuja kujitazama pale. Makuta yaliingia. Lakini yale makuta aliyapeleka ku soko la Wall Street, akinunua hisa za makampuni, zile tunaita aksio, na bahati ikamugeuka. Alipoteza. Ilimupasa kuuza baa, na picha zake zikapigwa mnada. Alijaribu kusimama tena, lakini hakurudia ukubwa wake wa mbele. Alikufa New York kwa kiharusi, tarehe 15 Desemba 1885, akiwa na miaka 55. Aliacha bibi na watoto wanawake wawili.

Dhahabu ya California ilikwisha, baa iliuzwa, picha zilienda na wengine. Kitabu kilibaki. Mu 1887, miaka miwili nyuma ya kifo chake, kilichapwa tena, na mupaka leo mabarmani wanakifungua.

Mu kambi zetu kuna mama wanaojua kupika munkoyo unaosifiwa na kila mugeni, na kuna wazee wanaojua kusikia jiwe mbele halijaanguka. Ujuzi wao uko mu kichwa na mu mikono tu, kama ule wa mabarmani mbele ya 1862. Makuta ya mwisho wa mwezi yanajua njia ya kutoka. Daftari na kalamu ni bei rahisi. Mutoto anayesoma akae pembeni ya mama yake ao babu yake, aulize vipimo, aandike.