Hunain bin Is-haq: Tabibu Aliyekataa Kuuza Ilimu Yake

Mara hii tumechagua kuandika khabari za mtu ambaye hakuwa Muislamu. Huenda baadhi ya ndugu zetu wakauliza kwa nini tumewaacha maimamu wetu tukaenda kwa Mnasara wa Baghdad. Jawabu yetu ni kuwa haki haina kabila, na makhalifa wenyewe walimwamini mtu huyu kwa miili yao na kwa vitabu vyao. Basi si vibaya nasi tukajifunza kwake.

Jina lake ni Abu Zaid Hunain bin Is-haq Al-Ibadi. Alizaliwa mji wa Hira, katika Iraq, mwaka 809 wa Miladi, sawa na 194 wa Hijra, na baba yake alikuwa muuza dawa. Ujanani alikwenda Baghdad kusoma utabibu kwa Yuhanna bin Masawaihi, tabibu mashuhuri wa zama zile. Lakini Hunain alikuwa na tabia iliyomchosha mwalimu wake, nayo ni kuuliza sana. Siku moja mwalimu alighadhibika, akamfukuza darasani, akamkejeli kuwa watu wa Hira kazi yao ni kubadilisha fedha njiani, si utabibu. Kijana akatoka akilia.

Hakukata tamaa. Alitoweka Baghdad muda wa zaidi ya miaka miwili, akajifunza Kiyunani mpaka akakimudu barabara. Aliporudi, mwalimu yule yule aliyemfukuza alistaajabu kwa ilimu yake, wakapatana.

Vitabu vilivyotegemewa na matabibu siku zile vilikuwa vya Jalinusi, tabibu wa Kiyunani aliyeishi kiasi cha miaka mia sita kabla yake. Kuvifasiri hakukuwa mchezo. Mfasiri akikosea jina la dawa au kipimo chake, kosa halibaki karatasini; huingia tumboni mwa mgonjwa. Hunain alilijua hilo. Alipokuwa na umri wa kiasi cha miaka ishirini alifasiri kitabu kimoja cha Jalinusi kutoka katika nakala mbovu. Alipokaribia arubaini, mwanafunzi wake Hubaish, naye ni mpwa wake, alimwomba akisahihishe. Wakati huo alikuwa amekwisha kusanya nakala nyingi za Kiyunani. Akazilinganisha moja kwa moja mpaka akapata maneno yaliyo sahihi, kisha akaichukua tafsiri yake ya kale akaitengeneza. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yake. Wala hakulificha kosa lake la ujana. Alilieleza yeye mwenyewe kwa kalamu yake.

Kitabu kimoja, Kitabu cha Burhani, alikitafuta katika Jazira, Sham yote, Falastini na Misri mpaka Iskandaria. Hakupata ila karibu nusu yake, huko Damascus, nayo imechanganyika na ina mapengo. Angaliweza kuyaziba mapengo kwa akili yake, na nani angalimjua? Lakini alisema wazi kuwa alichokipata ni pungufu.

Hunain aliandika risala akataja vitabu 129 vya Jalinusi. Katika vingi vya hivyo alieleza nani alifasiri, kwa amri na kwa ujira wa nani, na nakala ilikuwa nzima au imeharibika. Hivyo msomaji aliweza kupima mwenyewe kitabu kipi cha kutegemewa na kipi cha kutahadhari nacho.

Ama ujira, aliupata mwingi, wala hatutaki kuuficha. Yasemwa kuwa wana wa Musa, matajiri wapenda ilimu, walikuwa wakiwapa wafasiri wao kiasi cha dinari 500 kwa mwezi. Husimuliwa pia kuwa Khalifa Maamun alimlipa dhahabu kwa uzani wa vitabu, na Ibn Abi Usaibia ameeleza kuwa aliviona baadhi ya vitabu hivyo, karatasi zake nzito na herufi zake kubwa, akadhani kuwa vilifanywa hivyo ili vizidi uzito. Na tuseme ni kweli: karatasi ilinenepa, lakini maneno hayakuguswa. Kupokea ujira si aibu. Aibu ni ujira kuugeuza ukweli.

Mtihani wake mkubwa ulikuja zama za Khalifa Mutawakkil, aliyetawala tangu 847 hata 861. Wanahistoria wamesimulia kuwa Khalifa alimpa zawadi nyingi, kisha akamtaka amtengenezee sumu ya kumwulia adui yake kwa siri. Hunain akajibu kuwa hakujifunza ila dawa zenye manufaa. Akaahidiwa mali, akakataa; akatiwa gerezani mwaka mzima, naye huko akashughulika na kufasiri na kuandika. Alipotolewa, aliwekewa mali upande mmoja na upanga upande wa pili. Akakataa tena. Hapo Khalifa akatabasamu, akamweleza kuwa alikuwa akimjaribu, kwani alikhofu hila za wafalme. Alipoulizwa sababu ya ushupavu wake, akataja mbili: dini yake yamwamrisha kumtendea wema hata adui, na kazi yake imewekwa kwa ajili ya kuwafaa watu, si kuwadhuru. Alikufa mwaka 873, sawa na 260 wa Hijra.

Sisi wanafunzi wa dini jambo hili si geni kwetu. Twajua kisa cha Ghiyath bin Ibrahim, aliyemwona Khalifa Mahdi akipenda njiwa, akaongeza neno katika Hadithi ili kumfurahisha. Khalifa alimpa fedha, kisha akashuhudia kuwa ni mwongo, akaamrisha njiwa wachinjwe. Kwa ajili ya watu kama hao wanavyuoni waliweka ilimu ya kuwapima wapokezi.

Na maradhi haya hayakufa. Mwaka 1998 jarida la matabibu la The Lancet, la Uingereza, lilichapisha makala iliyowatia wazazi khofu kuwa chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela yawaletea watoto usonji. Baadaye ikadhihirika kuwa mwandishi wake mkuu alilipwa na mawakili waliokuwa wakiwashitaki watengenezaji wa chanjo, wala hakuyataja hayo. Uchunguzi mwingi uliofuata haukuona uhusiano wowote, na mwaka 2010 jarida likaifuta makala. Lakini khofu ilikwisha enea, na wako watoto waliokoseshwa chanjo kwa sababu yake.

Basi ndugu zetu, mkiletewa khabari ya dawa, ikiwa ni ya chupa ya dukani au ya kombe la mganga, ulizeni kama alivyouliza Hunain: nani ameijaribu, nani amemlipa, na je, yu tayari kulikiri kosa lake? Asiyependa kuulizwa, msimpe miili ya watoto wenu. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli katika ilimu zetu. Amin.