Maisha ya Bertrand Russell

Watu wengi humkumbuka Bertrand Russell kwa kupinga vita na mabomu ya atomiki. Mimi nataka kueleza kazi yake nyingine, ambayo siku hizi husaidia kulinda siri za watu katika tovuti.

Alizaliwa Wales tarehe 18 Mei, 1872. Babu yake alipata kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara mbili. Wazazi wake walikufa angali mtoto mdogo, akalelewa na bibi yake. Alipokuwa na umri wa miaka 11 kaka yake alimfundisha jiometri ya Euclid, naye akapenda hesabu kupita kiasi. Mwaka 1890 akaingia chuo cha Trinity, Cambridge.

Mwaka 1901 akagundua jambo la ajabu. Fikiri seti ya seti zote zisizokuwamo ndani yake zenyewe. Je, yenyewe imo? Ikiwa imo, basi haimo. Ikiwa haimo, basi imo! Mwaka 1902 akamwandikia barua Gottlob Frege, Mjerumani ambaye juzuu ya pili ya kitabu chake ilikuwa ikipigwa chapa. Msingi wa kazi yake ya miaka mingi ukabomoka. Namhurumia sana mzee yule, walakini alikiri kosa waziwazi katika kitabu hicho hicho.

Dawa aliyotoa Russell mwaka 1908 ni kugawa vitu kwa aina: vitu, kisha seti za vitu, kisha seti za seti. Maneno yanayochanganya aina si kweli wala si uwongo; hayana maana. Mwaka 1940 Alonzo Church wa Marekani aliirahisisha elimu hiyo, hata baadaye ikaingia katika lugha za kompyuta.

Sasa tazama tovuti. Mwizi huandika amri mahali pa kuandika jina, na kompyuta huitii, ikatoa siri za watu wote. Basi mtunzi wa programu huyapa maneno ya mgeni aina moja, na amri aina nyingine. Mkaguzi, ambaye naye ni programu, husoma kazi yote kabla haijatumika. Akiona maneno ya mgeni yanapita kwenda kwenye amri bila kusafishwa, huikataa. Ila mtunzi asipozitenga aina hizo, mkaguzi haoni kitu.

Russell alifungwa mwaka 1918 kwa maandishi yake wakati wa vita, na humo gerezani akaandika kitabu cha falsafa ya hesabu. Mwaka 1950 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Mwaka 1961 alifungwa tena, mzee wa miaka 89, kwa ajili ya mabomu. Alifariki Wales tarehe 2 Februari, 1970.