Mzee Kabila na Wageni Wake

Nilipokuwa nyumbani Dzaleka likizo hii, wazee wawili wa Kikongo walibishana tena baada ya Isha kuhusu Laurent-Désiré Kabila. Mmoja humwita mkombozi, mwingine husema aliuza nchi. Mimi nilizaliwa kambini, yeye akiwa amekwisha kufa, lakini vita vyake ndivyo vilivyowatoa wazazi wangu Fizi. Ndani ya minibasi ya kurudi Lilongwe nikaamua kumwandika.

Alizaliwa Katanga mwaka 1939. Alikuwa mfuasi wa Lumumba, na mwaka 1964 akaingia katika uasi wa mashariki. Mgeni wake wa kwanza mwenye bunduki alikuwa Che Guevara, aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma Aprili 1965. Che alikaa miezi saba porini, huku Kabila muda mwingi yuko Dar es Salaam. Akaondoka amekata tamaa. Kabila akabaki na chama chake kidogo, PRP, katika milima ya Fizi, na kwa miaka mingi dunia ikamsahau.

Mwaka 1996 wageni walirudi, safari hii na majeshi kamili. Rwanda ilitaka kuwafuata Interahamwe waliokuwa katika kambi za Goma na Bukavu. Uganda ilikuwa na waasi wake. Angola ilichoka na Mobutu kumsaidia Savimbi. Wote walihitaji Mkongo wa kutangulia mbele, wakamkumbuka mzee wa Fizi. Chama cha AFDL kiliundwa Oktoba, na tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa ikaanguka. Mkuu wa jeshi jipya alikuwa ofisa wa Rwanda, James Kabarebe. Hebu fikiri: rais analindwa na jeshi linaloongozwa na mtu wa nchi nyingine!

Julai 1998 Kabila aliwaambia warudi kwao. Tarehe 2 Agosti vita vikaanza Goma na Bukavu. Siku mbili baadaye Kabarebe huyohuyo alipakia askari kwenye ndege, akavuka Kongo nzima hadi Kitona, karibu na Bahari ya Atlantiki, upande ambako mafuta ya Kongo huchimbwa. Wakaliteka bwawa la Inga, Kinshasa ikawa gizani.

Aliyemwokoa ni Angola, na hakumwokoa kwa mapenzi. Sehemu kubwa ya mafuta yake wakati huo ilitoka Cabinda, kipande cha ardhi kilichotenganishwa na Angola yenyewe na ukanda wa Kongo. Angola isingekubali ukanda huo ushikwe na watu wanaoweza kuelewana na Savimbi. Vifaru vyake vikaingia kutokea Cabinda. Zimbabwe nayo ilileta askari, kisha ikapewa nafasi katika almasi ya Mbuji-Mayi. Hata Rwanda na Uganda, zilizokuja pamoja, zilipigana zenyewe Kisangani Juni 2000 kwa siku sita, mabomu yakiwaangukia wenyeji.

Kwa hiyo mimi siko upande wa mzee yeyote kati ya wale wawili. Naona Kabila hakuuza nchi, alikopa majeshi, na kila mkopeshaji akaja kudai kwa wakati wake. Nasema hivi nikijua kwamba Dzaleka katika safu moja ya swala nasimama bega kwa bega na Mnyarwanda na Mrundi, na hakuna anayemuuliza mwenzake baba yake alikuwa jeshi gani.

Tarehe 16 Januari 2001 Mzee alipigwa risasi ofisini kwake na mlinzi wake, mmoja wa wale kadogo, watoto waliochukuliwa jeshini tangu safari ya 1996. Mwanawe Joseph akashika nchi akiwa na miaka 29.

Baba yangu mdogo naye alikuwa kadogo. Aliondoka Fizi na AFDL akiwa na miaka 14, hakurudi. Bibi bado anamtaja katika dua ya walio hai.